Butembo na Beni: Matone yaliyookoa macho ya waliopona Ebola yanaweza kupofusha wengine

Mtu mwenye jicho jekundu hasimami muda mrefu mbele ya meza ya farmasi, iwe Butembo au Beni. Anasema jicho linamuwasha, anaulizwa ana pesa kiasi gani, na mara nyingi anaondoka na kichupa cha plastiki kisichozidi urefu wa kidole. Karatasi ya muganga haikuombwa. Ukisoma maandishi madogo ya kichupa hicho, si ajabu ukute jina la deksametazoni, peke yake au pamoja na antibiotiki.

Kesho yake jicho limetulia. Wekundu umepungua, kuwashwa kumekwisha, mtoto amelala usiku kucha. Kichupa kinawekwa juu ya kabati, na jicho likianza tena, kinashushwa.

Dawa yenyewe si mbaya. Katika miji hii miwili, inayotenganishwa na barabara ya kilomita 54 hivi, ndiyo iliyotumiwa kuokoa macho ya watu waliokuwa wametoka kuponea kifo. Lakini ni dawa inayopunguza nguvu ya kinga ya mwili, na mtu akiitumia wiki baada ya wiki bila kupimwa jicho, inaweza kumletea upofu usiorudi nyuma. Upofu huo hauumi. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kufika hopitalini wakati jicho moja limekwisha kuzimika.

Baada ya Ebola, macho

Mlipuko wa kumi wa Ebola nchini Kongo ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane mwaka 2018, baada ya ugonjwa kutambuliwa Mangina, si mbali na mji wa Beni. Ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 mwezi wa sita mwaka 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamekufa. Waliopona walikuwa 1,171. Beni, Mabalako, Katwa na Butembo zilikuwa kati ya zone za afya zilizoguswa zaidi.

Waliopona walitoka katika vituo vya matibabu wakishika cheti, wakipigiwa makofi na waganga. Baadhi yao walirudi kufanya kazi humo humo. Kwa kuwa mwili wao ulikuwa umepata kinga, waliajiriwa kubeba na kulisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Lakini wiki au miezi michache baada ya kupona, wamoja wakaanza kuona ukungu. Mwanga wa jua ukawa unawachoma. Jicho likauma na kutoa machozi, na waliokuwa wakisoma Biblia bila shida wakaona herufi zinaelea.

Waganga walikuwa wakiitarajia hali hiyo, kwa sababu Kongo yenyewe ilikuwa imetoa somo mapema. Baada ya mlipuko wa Kikwit mwaka 1995, watu 20 waliopona walifuatiliwa. Watatu kati yao walipata ugonjwa wa macho, na mtu wa nne, nje ya kundi hilo, akaupata vilevile. Wote wanne walikutwa na uveiti. Walitibiwa kwa matone ya atropini na ya kortikoidi, na wote wakapata nafuu.

Uveiti ni uvimbe wa ndani ya jicho, katika tabaka lenye mishipa mingi ya damu. Chembe za kinga zinajaa katika maji ya jicho, na muganga akimulika kwa darubini yake anaziona zikielea kama vumbi katika mwanga unaopenya dirishani. Mboni inaweza kunata kwenye lenzi iliyo nyuma yake. Atropini huifungua mboni ili isinate, na kortikoidi huzima ule moto wa kinga. Kinachoharibu jicho hapo si lazima kiwe virusi. Mara nyingi ni askari wa mwili wenyewe waliokasirika kupita kiasi, na kortikoidi inawaambia warudi kambini.

Afrika Magharibi ndiyo iliyoonyesha ukubwa wa tatizo. Utafiti uliofanywa Liberia na kutangazwa mwaka 2019 ulikuta uveiti kwa asilimia 26 ya waliopona, wakati kwa watu waliokuwa karibu nao bila kuugua ilikuwa asilimia 12. Kwa maneno mengine, karibu mtu mmoja kati ya wanne aliyeishinda Ebola alibaki na alama ndani ya jicho.

Jicho lililobadilika rangi

Kisa kilichowatia waganga hofu zaidi ni cha mwenzao. Daktari Ian Crozier, Mmarekani mzaliwa wa Zimbabwe aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliambukizwa Ebola mwezi wa tisa mwaka 2014 alipokuwa akitibu wagonjwa Kenema, nchini Sierra Leone. Alipelekwa hopitali ya Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, akapona, damu yake ikawa safi. Miezi miwili hivi baadaye jicho lake la kushoto likaanza kuuma, na presha ndani yake ikapanda. Waganga walipochukua maji kidogo kutoka ndani ya jicho, walikuta virusi vya Ebola bado vipo humo. Rangi ya jicho ikageuka kutoka bluu kuwa kijani.

Machozi yake hayakuwa na virusi, wala ngozi ya juu ya jicho. Vilikuwa vimejificha ndani tu.

Hapo waganga walikuwa njia panda. Bila dawa ya kupunguza kinga, uvimbe ungemaliza jicho. Wakiipunguza kinga, je, virusi vilivyojificha havitapata nafasi ya kuzaana? Walimpa kortikoidi pamoja na dawa ya kupambana na virusi iliyokuwa bado katika majaribio, na polepole uwezo wa kuona ukarudi.

Swali hilohilo ndilo lililofuata waliopona wa Kivu Kaskazini. Mwezi wa tatu mwaka 2019, mlipuko ukiwa bado unaendelea, Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani, OMS, walipanga kliniki ya macho kwa waliopona mjini Beni, wakisaidiwa na wataalamu wa Emory. Haukuwa wakati rahisi. Mwezi mmoja kabla, vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilikuwa vimeshambuliwa. Mwezi uliofuata, tarehe 19, Daktari Richard Mouzoko wa OMS, aliyetoka Cameroun, aliuawa kwa risasi katika hopitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Kumkalisha mtu aliyepona mbele ya darubini ya macho, katika hali kama ile, kulihitaji ujasiri wa pande zote mbili.

Kwamba virusi vinaweza kubaki mafichoni mwilini si maneno ya kutisha watu. Mgonjwa mmoja wa Kivu Kaskazini, aliyekuwa amechanjwa na kutibiwa vizuri, aliugua Ebola upya miezi sita baada ya kupona, mwishoni mwa mwaka 2019, akafa, na kutoka kwake ukatokea mnyororo wa wagonjwa 91. Milipuko midogo iliyofuata ya Butembo mwaka 2021 na Beni mwaka 2022 ilihusishwa pia na virusi vya mlipuko mkubwa. Ndiyo maana aliyepona Ebola hapaswi kununua kortikoidi kwa kubahatisha, iwe matone au vidonge. Anahitaji muganga anayejua historia yake.

Lakini habari nzuri ipo, na inastahili kusemwa kwa sauti ileile. Sierra Leone, watu 50 waliopona walichukuliwa maji ya ndani ya jicho kabla ya kufikiriwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na virusi. Waliopasuliwa walirudi kuona vizuri zaidi. Jirani anayemkimbia aliyepona kwa sababu jicho lake linatoa machozi hana sababu ya kumkimbia.

Presha isiyosikika

Jicho si mpira mtupu. Ndani yake maji yanatengenezwa kila saa na kutoka kupitia vichujio vidogo sana vilivyo pembeni. Yakiingia sawasawa na yanavyotoka, presha inabaki kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Kortikoidi huvifanya vichujio hivyo vizibe kidogo kidogo. Maji yanaendelea kuingia lakini hayatoki vizuri, na presha inapanda.

Si kwa kila mtu. Kwa watu wengi presha haiguswi. Lakini tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba karibu theluthi moja ya watu wanaotia matone ya kortikoidi kwa wiki kadhaa presha yao hupanda kiasi, na watu kama 5 kati ya 100 hupanda sana, hadi kufikia kiwango cha hatari. Mwenye glakoma au mwenye mzazi aliye nayo yuko karibu zaidi na hatari hiyo, na watoto pia, kwa kuwa kwao mara nyingi presha hupanda haraka zaidi. Hakuna anayeweza kumtazama mtu usoni na kujua kama ni mmoja wa hao. Lazima apimwe.

Presha ikikaa juu, inabana mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi zake zinakufa kuanzia pembeni. Mtu anaendelea kuona mbele yake vizuri, anahesabu pesa, anasoma ujumbe katika simu, lakini pembeni giza linasogea kama pazia. Na kwa kuwa jicho la pili linaficha upungufu wa la kwanza, hajui. Dereva wa pikipiki atagundua siku anapogonga mtu aliyetokea upande wa kuume bila yeye kumwona. Hiyo ndiyo glakoma. Dawa ikisimamishwa mapema, presha kwa kawaida hushuka baada ya siku au wiki chache. Nyuzi zilizokufa hazifufuki.

Jambo hili si jipya hata kidogo. Kortizoni ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa viungo mwaka 1948, na waliogundua kazi yake wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Mwaka 1954 tayari muganga Mbelgiji, Jules François wa Gand, aliandika kuhusu presha ya jicho inayopandishwa na kortizoni. Mwaka 1960 waganga wa Marekani wakaonyesha madhara mengine: wagonjwa wa baridi yabisi waliokunywa vidonge hivyo kwa muda mrefu walikuwa wakipata mtoto wa jicho, ile inayoitwa katarakti hopitalini.

Mtoto wa jicho anayeletwa na kortikoidi ana tabia yake. Hukaa nyuma kabisa ya lenzi, katikati, mahali mwanga unapopita. Kwa hiyo mgonjwa huona vibaya zaidi mchana, penye jua kali, au anapokutana na taa za gari usiku, na kusoma kunamshinda mapema. Mtoto wa jicho hupasuliwa na mtu akaona tena. Glakoma haina upasuaji wa kurudisha kilichopotea. Ni tofauti kubwa ambayo wengi hawaijui, na inawafanya wengine wangoje wakidhani "itaiva, halafu watapasua".

Kwa nini kichupa kinapendwa

Sababu ya kwanza ni watoto. Butembo na Beni ni miji ya vumbi, na kuna ugonjwa wa macho wa mzio unaowakamata watoto na vijana wa nchi za joto: macho yanawasha mno, yanakuwa na rangi ya kahawia pembeni ya mboni, mtoto anayasugua hadi kope zinavimba, mwanga unamsumbua darasani. Rwanda, nchi jirani, uchunguzi katika shule ulikuta ugonjwa huo kwa asilimia 4 ya wanafunzi. Ni ugonjwa unaokwenda na kurudi kwa miaka, kisha kwa wengi unaisha wenyewe ujana unapokomaa.

Miaka hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mama anajua dawa inayotuliza. Kichupa kimoja kinakuwa vitano, vitano vinakuwa ishirini. Ni vigumu kumlaumu: mtoto analia, anapewa tone, ananyamaza. Muganga mwenyewe anaweza kuwa aliandika dawa hiyo mara ya kwanza, kwa siku saba, na kwa sababu nzuri. Tatizo ni kwamba karatasi ya siku saba haina mlango wa kufunga siku ya nane.

Rwanda hiyohiyo imeonyesha kwamba njia nyingine inawezekana. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2012, lenye wagonjwa 366, matone ya siklosporini, ambayo nayo hupunguza kinga lakini hayapandishi presha ya jicho, yalifanya kazi sawa na deksametazoni. Yalichoma zaidi yanapotiwa, na kuyapata si rahisi. Hata hivyo kuna mambo ya bei ndogo ambayo husaidia kabla ya kufikia huko: kitambaa cha maji baridi juu ya macho, kofia yenye ukingo, kuosha uso mtoto anapotoka mchezoni, na matone ya mzio yasiyo na kortikoidi.

Sababu ya pili ni shamba. Wakulima wa kakao wa Beni na wa kahawa na viazi wa upande wa Butembo na Lubero huchomwa macho na majani, vijiti na maganda. Kidonda kidogo juu ya jicho kinaweza kuingiwa na kuvu au bakteria. Hapa kortikoidi ni adui wa wazi: inaondoa maumivu na wekundu, mgonjwa anafurahi, huku kuvu ikipata uwanja bila askari. Jicho ambalo lingepona kwa dawa sahihi linatoboka. Waganga wa macho wana kanuni rahisi juu ya hilo: jicho lililochomwa na kitu cha shambani halitiwi tone la kortikoidi kabla ya kuangaliwa kwa taa. Hali ni hiyohiyo kwa jicho lenye kidonda cha virusi vya herpes.

Kisha kuna wale ambao hawana shida yoyote ya macho. Katika miji mingi ya Kongo vidonge vya deksametazoni hununuliwa ili kunenepa, kujaza mashavu na makalio. Mafuta ya kung'arisha ngozi yenye kortikoidi kali kama klobetasoli yanauzwa sokoni karibu na sabuni. Anayepaka uso mzima kila siku, pamoja na kope, anatia dawa ileile ndani ya macho yake, polepole, bila kujua. Na tangu mwezi wa sita mwaka 2020, watafiti wa Uingereza walipotangaza kwamba deksametazoni inaokoa wagonjwa mahututi wa Covid wanaohitaji oksijeni, jina la dawa likapata sifa mpya. Ile sehemu ya "wanaohitaji oksijeni", na ya siku 10 tu, haikusafiri mbali kama jina.

Wasioweza kuiacha

Wapo watu wanaoihitaji kweli, na habari hizi zisiwafanye watupe dawa zao. Mtoto aliyevimba mwili kwa ugonjwa wa figo, mtu mwenye pumu kali, mama mwenye lupus au baridi yabisi, mgonjwa wa ukoma ambaye mishipa yake imevimba: hao hupewa predinisoloni kwa wiki au miezi, na bila hiyo wengine wangekufa.

Kwao hatari ni mbili. Mwili unaopokea kortikoidi kila siku huacha kutengeneza ya kwake. Mtu akikata vidonge ghafla baada ya wiki nyingi, anaweza kuanguka, presha ya damu ikashuka, akafa. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, na anayeipunguza ni muganga. Hatari ya pili ni macho, na hiyo husahaulika kwa urahisi, kwa sababu muganga wa figo anatazama figo na wa mapafu anatazama mapafu. Anayekunywa vidonge hivyo kwa muda mrefu anapaswa kupimwa macho mwanzoni, kisha mara kwa mara kila mwaka. Akianza kuona ukungu wa ghafla, sukari yake ipimwe pia: kortikoidi hupandisha sukari ya damu, na sukari ikipanda lenzi ya jicho huvimba na kuharibu kuona kwa muda.

Wachache waliobadilishiwa figo nje ya nchi, ambao wanakunywa dawa za kupunguza kinga maisha yao yote, wana orodha ndefu zaidi, ikiwemo maambukizi ya retina. Kwao ukungu wowote wa macho ni wa kupelekwa hopitalini siku hiyohiyo.

Nani atapima?

Kupima presha ya jicho huchukua dakika chache. Mgonjwa anatiwa tone la ganzi, kifaa kinagusa jicho, namba inatoka. Kuna vifaa vidogo vinavyoshikwa mkononi ambavyo muuguzi aliyefundishwa anaweza kuvitumia. Lakini vituo vingi vya afya vya pembeni ya miji havina kifaa hicho, na waganga bingwa wa macho katika eneo zima la Beni na Lubero ni wachache mno kwa idadi ya watu.

Zamani mgonjwa wa Butembo aliyehitaji upasuaji mgumu wa macho aliweza kushuka Goma. Lakini M23 waliteka Kanyabayonga mwezi wa sita mwaka 2024, na Goma yenyewe mwishoni mwa mwezi wa kwanza mwaka 2025, na barabara hiyo ikawa inavuka mstari wa vita. Njia nyingine ni kupitia Kasindi hadi Uganda, na barabara ya Beni–Kasindi nayo inajua mashambulizi ya ADF. Mtu aliyekimbia kijiji chake hahesabu siku za kurudi kwa muganga. Anahesabu siku za kula.

Kwa waliopona Ebola, mpango wa kufuatilia afya yao uliwapa miadi, vipimo na matone bila malipo, na pale ambapo uveiti ilipatikana mapema, kortikoidi ilitumiwa kama inavyopaswa: kwa dozi inayopunguzwa, na macho yakiangaliwa upya kila baada ya muda. Hawakuwa na bahati kuliko wengine, bila shaka. Lakini juu ya dawa hii moja walipata kitu ambacho mteja wa farmasi hakipati: mtu wa kuwaambia warudi siku fulani, na aliyekuwa na kifaa cha kupimia walipofika.

Kuna jambo ambalo kila nyumba inaweza kufanya jioni hii bila kifaa. Mtu anafunika jicho moja kwa kiganja, anatazama kalenda au mlango ulio mbali, kisha anafunika jingine. Kama jicho moja linaona vibaya kuliko mwenzake, au linakosa upande mmoja wa mlango, hilo ni la kupeleka hopitalini, hata kama haliumi. Kipimo hiki hakionyeshi presha wala hakitoshi kwa glakoma ya mwanzo, lakini humwamsha mtu ambaye alikuwa akitembea na jicho moja bila kujua.

Na kile kichupa kilicho juu ya kabati kina maandishi. Jina la dawa linaloishia na "-zoni" au "-soloni" ni karibu kila mara kortikoidi, na linafaa kuonyeshwa kwa muuguzi kabla ya tone lingine. Aghalabu kimeandikwa pia kwamba kikifunguliwa hakipaswi kutumiwa zaidi ya siku 28, hata kama dawa imebaki, kwa sababu vijidudu huingia kupitia mdomo wake. Katika nyumba nyingi kichupa kilichofunguliwa kwa ajili ya mtoto wa kwanza ndicho kinachotiwa katika macho ya wa tatu.